Kufunguliwa kwa Darasa la Vidudu, Kijiji cha Nne, Kibugu

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Bwana Ofisa wa Maendeleo wa Wilaya, ambaye hakuweza kufika kwa sababu ya majukumu mazito ya Serikali na kwa sababu samaki wa mtoni msimu huu wanakubali ndoano, lakini ambaye kwa hisani yake kubwa ametuletea gari lake, Bwana Murithi wa kutoka Kianjai, Meru, dereva wa gari hilo, uliyekalia kiti cha Mgeni wa Heshima na ambaye kwa sababu hiyo ndiwe Mgeni wa Heshima mpaka utakapoinuka, Bwana Kamanda wa Gadi, walinzi wa kijiji waliowekwa na Serikali, uliye juu ya mnara, ambaye nakuomba uelekeze bunduki upande wa msitu, wazee wa baraza wenye vipande halali vya utambulisho, wazee wa kanisa, isipokuwa Mzee Gichovi ambaye habari zake nitazieleza kwa wakati wake, akina baba wa kijiji hiki, wote watatu, akina mama wa zamu ya handaki, mliopewa nusu siku ya mapumziko ambayo mtailipa Jumamosi, Bi. Kibibi, mwalimu mtarajiwa. Nyinyi watoto wadogo mlioketi nyasini, ambao ndio sababu ya shughuli hii na ambao nimeomba msikaribie jukwaa. Na mimi mwenyewe, Jeremia Mutugi, Msaidizi wa Pili wa Ofisa wa Maendeleo, Sehemu ya Juu, mwenye dhamana ya usafi, vyoo, michezo na furaha: hamjambo?

(Hatujambo.)

Sijasikia vizuri. Hamjambo?

(Hatujambo, kwa sauti kubwa. Kamanda wa Gadi anageuza bunduki upande huu.)

Basi, basi, inatosha. Kamanda, ni salamu tu.

Tumekusanyika hapa katika mwaka huu wa hamsini na sita, kwa pamiti, yaani kibali, iliyotiwa muhuri na ambayo iko mfukoni mwangu upande wa moyo, ili kulifungua rasmi, kwa utepe na kwa hotuba, Darasa la Vidudu la Kijiji cha Nne. Na kwa wale ambao Kiswahili chao kilikomea sokoni, niseme kwamba vidudu, katika skimu hii, ni watoto wadogo ambao hawajafikia umri wa darasa la kwanza, na kwamba watu wa mjini na wa pwani husema shule ya vidudu bila kumcheka mtu. Neno hili tumeletewa na Bi. Kibibi, mzaliwa wa Siakago, mtu wa msikiti, ambaye kaka yake Idrisi ana bucha kule chini, na ambaye alipanda huku kwetu Kibugu siku moja tu kununua viazi, na siku hiyo ndiyo uzio wa kijiji ulipofungwa, akabaki ndani, na Serikali, kwa kuwa haimtupi mgeni, ikampa jembe.

(Kicheko upande wa akina mama. Bi. Kibibi hacheki.)

Sasa, kwa nini darasa? Swali zuri, na nashukuru kwamba nimejiuliza. Akina mama hawa wanaitwa kwa firimbi kila alfajiri kwenda kuchimba handaki la kutenganisha kijiji na msitu, ili watu wa msituni wanaopigana na Serikali wasipate chakula, na watoto wadogo, kwa kukosa mtu wa kukaa nao, wamekuwa wakiwafuata mama zao mpaka ukingoni, wakichungulia. Handaki, kama mjuavyo nyinyi mliolichimba, lina mianzi iliyochongwa chini yake, na mwanzi hauulizi umri wa mtu. Mwezi uliopita mtoto wa Mukami, huyu Njagi ninayemwona hapo mbele na mkono wake uliofungwa vibao, alianguka mle ndani. Kwa rehema za Mungu aliangukia sehemu ambayo akina mama walikuwa hawajaisimika mianzi, uzembe ambao niliuchunguza kwa kina, na waliohusika nikawasamehe papo hapo.

(Mukami anamvuta Njagi karibu naye.)

Ndipo nikasimama, mahali hapa hapa, nikatoa ahadi: litajengwa darasa, Bi. Kibibi atatolewa kwenye jembe awe mwalimu, na mtoto mdogo hatakanyaga tena ukingo wa handaki. Hiyo ndiyo ahadi. Na nyinyi mnanijua. Mimi sijavunja ahadi hata moja. Ahadi zangu zote zipo, nzima nzima, kama nilivyozitoa.

(Makofi ya wazee wa baraza. Mama mmoja, Wawira, anainua mkono.)

Maswali ni mwisho, Wawira. Shusha mkono, utachoka.

Ndugu zangu, mimi sikuingia katika elimu ya vidudu kwa kubahatisha. Nilihudhuria semina bomani, semina ya siku nzima pamoja na chai na mkate uliopakwa siagi, ambapo mama mmoja wa Kizungu alitufundisha kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza. Nikainua mkono, maana mimi huwa sikai na swali tumboni, nikauliza: na mtu mzima je, hujifunza kwa nini? Akafikiri, akasema mtu mzima hujifunza kwa taabu. Nikaandika. Nikaona kwamba nusu ya sera hiyo tayari tunaitekeleza hapa Kijiji cha Nne kwa mafanikio ya asilimia mia, na kilichobaki ni hiyo nusu ndogo ya kucheza.

Lakini kucheza, ndugu zangu, ni neno la kutazamwa kwa jicho la pili. Kuna kucheza ngoma, ambako kumepigwa marufuku. Kuna kucheza kamari, ambako ni kosa. Kuna kumchezea mtu shere, ambako baadhi yenu mlinifanyia kwenye kura ya kamati ya vyoo. Kwa hiyo niliunda sabkomiti ya kuchuja michezo, mwenyekiti nikiwa mimi, na katibu nikiwa mimi kwa muda, na sabkomiti hiyo ikakaa ikachuja mchezo mmoja mmoja kama watu wanavyochujwa, ikatoa mapendekezo yafuatayo, ambayo niliyakubali bila ubishi.

Mchezo wa kujificha umekataliwa. Mlifikiri nini? Gadi wa wilaya nzima wanashinda na kulala wakitafuta waliojificha, kisha sisi tuanze kuwafundisha wengine wangali na miaka minne? Badala yake tumeanzisha mchezo wa kujitokeza, ambapo mtoto anasimama peupe, anataja jina lake, la mama yake na namba ya nyumba yao, halafu anarudi kuketi. Ni mchezo wa kufurahisha sana ukiuzoea.

(Kicheko kidogo.)

Mchezo wa mpira umekubaliwa, ila bila mpira. Ule waliokuwa nao, wa majani makavu ya migomba na kamba, Kamanda aliuona kutoka mnarani kuwa kitu cha mviringo ambacho hakijulikani ndani kuna nini, akaushukia, akaufungua jani kwa jani, akakuta majani. Sasa imethibitishwa rasmi kwamba ulikuwa mpira, lakini kuufunga tena kumeshindikana. Katika majaribio ya Jumapili, watoto wanakimbia na kupiga teke, na mwalimu mtarajiwa anawaambia ni bao. Bi. Kibibi ameniripoti kwamba ugomvi kuhusu bao ni ule ule kama mpira ungekuwepo.

Kisha kuna mchezo wa nyumba. Huu niliukagua mwenyewe. Mtoto mmoja akawa mama, akajifunga kitambaa kichwani, akapika udongo. Wawili wakawa watoto, wakalia njaa. Yule wa kuwa baba akaambiwa aende akae mbali, nyuma ya choo, na asirudi. Alikaa huko asubuhi nzima. Nilipouliza sababu, wakaniambia, Bwana, baba yuko Manyani, kizuizini. Mchezo ukaendelea vizuri tu bila yeye, na mimi nimeuingiza katika silabasi chini ya somo la Jiografia.

(Mtu anakohoa.)

Na mchezo wanaoupenda kuliko yote, ambao hakuna mtu mzima aliyewafundisha, jambo linaloonyesha akili za kizazi kipya, ni ule wa gunia. Mmoja anavikwa gunia lililotobolewa matundu mawili ya macho, kama yule mtoa habari wa siku za kuchujwa watu, wenzake wanapita mbele yake kwa mstari, na yeye akiinamisha kichwa, basi aliyekuwa akipita anakamatwa na kuketishwa pembeni. Tazameni faida zake: kuna kupanga mstari, kuna utulivu, kuna hesabu ya waliobaki. Bingwa wa gunia ni Karwirwa, binti wa huyu Wawira mwenye mkono wake juu. Siku ya ukaguzi nilijitolea kupita mbele yake ili kuwatia moyo, nikatembea kwa hatua za kiofisa, nikamtazama usoni, yaani gunini. Akainamisha kichwa.

(Kicheko kirefu. Kamanda anacheka mpaka anashika nguzo ya mnara.)

Chekeni, chekeni. Nilikaa pale pembeni pamoja na wenzangu muda mrefu, kwa sababu mchezo ule hauna kanuni ya kumwachilia mtu. Niliwauliza, jamani, nimefanya nini? Wakaniambia ninyamaze, gunia halijibu maswali. Mwisho niliokolewa na uji.

Nije sasa kwenye sikukuu, maana darasa la kisasa haliwezi kusimama bila sikukuu. Mtoto lazima ajue mwaka una furaha zake. Hapa nilikutana na kikwazo ambacho kingemshinda ofisa wa kawaida. Kila mkutano wa watu zaidi ya watano unataka pamiti, na pamiti moja huchukua muda na magoti. Sikukuu za mwaka, kwa hesabu ya Wakristo, ya Waislamu na ya Serikali, ni nyingi kuliko subira ya karani wa bomani. Nikakesha nikifikiri. Nikaamka na jibu: pamiti moja, siku moja, sikukuu zote. Na kama mlivyoshuhudia leo asubuhi, mwaka mzima wa furaha tumeumaliza kabla ya saa tano.

(Makofi. Mtoto mmoja anamuuliza mama yake kama Krismasi imekwisha. Anaambiwa imekwisha.)

Tulianza na kuzaliwa kwa Malkia, watoto wakasimama wima, isipokuwa wale wasiojua kusimama. Tukaja kwenye Idi, kwa heshima ya Bi. Kibibi. Yeye akanieleza kwa upole kwamba Idi haiwezi kuwa mpaka mwezi uonekane, na mwezi huonekana jioni. Nikamwambia, Bi. Kibibi, jioni ni kafyu, anayetazama juu saa hizo hupigwa risasi, kwa hiyo mwezi umeagizwa kuonekana saa tatu asubuhi. Akatazama mbinguni, akatazama mnarani, akasema ameuona. Watoto wakapeana mikono na kula vitumbua alivyovikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, na mimi nilivionja vinne kwa niaba ya Serikali. Pasaka ilifupishwa. Habari ya mtu aliyehesabiwa kuwa amekufa kisha akaonekana barabarani akiongea na watu inamletea Kamanda shida katika hesabu zake za kila wiki, tukaimba ubeti mmoja tukapita.

Krismasi ndiyo iliyoleta tatizo dogo ambalo maadui wa maendeleo wanalikuza. Mimi niliona picha bomani ya Baba Krismasi, mzee wa ndevu nyingi anayetokea gizani na gunia mgongoni kuwapa watoto zawadi, nikasema, hii lazima vidudu wangu waione. Mzee Gichovi wa kanisa akakubali kwa moyo mweupe. Tukamfunga ndevu za sufu ya kondoo, tukampa gunia la viazi vitamu, tukamwambia atokee upande wa juu, kwenye miti, ili watoto washtuke kwa furaha. Nakiri kwamba maelezo hayo hayakumfikia Kamanda. Fikirini nyinyi wenyewe: mzee wa ndevu mpaka kifuani, anatoka msituni anachechemea, amebeba chakula, anaita watoto. Risasi ilipita juu. Mzee Gichovi yuko salama kabisa, amewekwa kituoni, na wanaendelea kumhoji aseme wenzake ni akina nani na gunia lilikuwa linapelekwa kwa nani.

(Mke wa Gichovi: Bwana, si uwaambie ni wewe ulimtuma?)

Jambo hilo liko kwenye mkondo, mama. Liko kwenye mkondo.

(Wawira anasimama. Mtoto wake Karwirwa amemshika sketi.)

(Wawira: Bwana Mutugi, samahani. Mimi sitaki hotuba yako ikatike, lakini hii mkono imeingia baridi. Mimi nauliza tu hii moja. Kesho asubuhi filimbi ikilia, hawa watoto tunawacha wapi? Na Kibibi anatoka kwa jembe ama hatoki? Tuambie tu hivyo, sisi twende.)

(Akina mama: Ndiyo. Hiyo tu.)

Wawira, hilo swali lako ni swali la maana, na kwa kuwa ni la maana haliwezi kujibiwa na mtu aliyesimama. Keti kwanza. Hatuwezi kuelewa kesho bila kupitia historia ya jana.

Nilipotoa ile ahadi, sikulala. Nilikwenda kwenye simu ya kituo cha Gadi, ile ya kuzungusha mkono mpaka bega liombe msamaha, nikapiga bomani kwa idara inayohusika, au niliyodhani inahusika, maana kelele za waya zilikuwa nyingi. Nikasema kwa sauti ya kiofisa: hapa Kibugu, Kijiji cha Nne, tuna vidudu. Sauti ikaniuliza, wengi? Nikasema, wamezagaa, kila nyumba wapo, wengine wanaanguka handakini. Ikaniuliza, wanasumbua? Nikasema, akina mama hawafanyi kazi kwa ajili yao. Ikaniuliza, wanauma? Hapo nikasita, lakini mimi ni mtu wa ukweli. Nikasema, mmoja aliniuma wiki jana, hapa kwenye kidole. Ikasema, usiwe na wasiwasi, Bwana Mutugi, msaada uko njiani.

(Bi. Kibibi anajifunika uso kwa leso.)

Nikasubiri. Nikawa naona kwa macho ya moyo viti vifupi, ubao, chaki, vibao vya rangi vya kupangia nyumba. Likaja lori. Wakashuka watu wawili waliofunga vitambaa puani, wamebeba pampu za kunyunyizia mgongoni na madebe ya DDT, wakaniuliza, wako wapi?

(Kicheko, kisha manung'uniko.)

Mtasema kwa nini sikuwarudisha. Ndugu zangu, msaada wa Serikali haurudishwi. Ukiurudisha mara moja, mara ya pili hauletwi. Na kuwaambia wale mabwana kwamba wamekosea maana ya neno la Kiswahili, kwenye lori la Serikali, mbele ya Gadi, ingekuwa utovu wa adabu. Nikawaonyesha nyumba. Wakanyunyizia kuta, vitanda, kuku, na mzee mmoja aliyekuwa amelala. Watoto mliwaficha kwenye mahindi, na walikohoa siku chache tu. Kunguni wa kijiji hiki, lazima mkiri, wamekwisha kabisa, na hata wale wasionipenda sasa wanalala mpaka firimbi.

Nao wale mabwana walikuwa watu wa kazi. Walipomaliza wakarudi wakatoa ripoti. Na juma lililopita, kwa simu ile ile, nikapokea kutoka bomani maneno ambayo nitayabeba mpaka kaburini: hongera, Bwana Mutugi, Kijiji cha Nne, Kibugu, ndicho cha kwanza katika wilaya nzima kutobaki na kidudu hata kimoja.

(Makofi ya wazee wa baraza, ambao hawakuelewa. Akina mama wanatazamana.)

Cheo cha Msaidizi wa Kwanza kinafuata. Nasema hivi bila majivuno, maana majivuno sina, ni mafanikio tu ndiyo ninayo.

(Dereva Murithi anainua mkono akiwa ameketi.)

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, karibu.

(Murithi: Asante, Mzee. Mimi si mtu wa maneno mingi. Bwana aliniambia nione hiyo darasa na macho yangu, alafu nikamwambie iko namna gani. Sasa nimekaa hapa tangu asubuhi na jua imenipiga. Darasa iko upande gani?)

Darasa liko nyuma ya utepe, Bwana Murithi.

(Murithi: Nyuma ya utepe naona mbuzi.)

(Kicheko.)

Hao mbuzi ni wa muda. Eneo, kitaalamu, ndilo darasa. Jengo ni nyongeza. Jengo lenyewe lilifika mbali sana, nguzo zilikatwa na akina mama hawa hawa, zikachongwa, zikabebwa mpaka hapa, na sabkomiti ya usalama, ambayo pia mimi ni mwenyekiti, ikaona kwamba hakuna faida ya kuwa na darasa lisilolindwa. Kwa hiyo nguzo ziliongeza ghorofa moja kwenye mnara. Ukitazama juu, Bwana Murithi, pale Kamanda alipokalia, hilo ndilo darasa, limesimama wima.

(Wawira, bila kuinua mkono: Bwana, turudi kwa kesho.)

Narudi, mama Karwirwa, narudi, tena kwa lugha nyepesi. Nguzo nyingine zingepatikana. Mimi si mtu wa kushindwa na nguzo. Lakini Serikali, kama unavyojua, haijengi bwawa mahali pasipo na maji, wala haijengi darasa la vidudu mahali ambapo ripoti yake yenyewe inasema vidudu wamekwisha. Nikipiga simu leo niseme wapo, hongera itageuka kuwa maelezo, cheo kitayeyuka, na lililo baya zaidi kwenu, wale mabwana wa pampu watarudi. Mnataka warudi?

(Akina mama: Hapana.)

Basi tunaelewana. Na kwa kuwa mwalimu hutolewa kwenye jembe kwa ajili ya wanafunzi, na wanafunzi kwa mujibu wa ripoti hawapo, Bi. Kibibi, ambaye moyo wangu umejaa shukrani kwake, ataendelea na zamu yake handakini mpaka hapo wanafunzi watakapothibitishwa.

(Wawira: Na hawa?)

Hawa akina nani?

(Wawira: Hawa wamekaa kwa nyasi. Huyu. Na huyo wa mkono umevunjika.)

(Watoto wanatazama jukwaani.)

Hawa, mama... hawa, kwa utaratibu uliopo, ni mizigo ya akina mama. Mzigo hauhitaji pamiti, hauhitaji mwalimu, na mwanamke ana haki kamili ya kubeba mzigo wake popote anapokwenda kazini. Nimelifikiria jambo hili kwa faida yenu.

(Bi. Kibibi, akiwa ameketi: Bwana Mutugi, niruhusu nikae nao hapa nyuma ya utepe, na zamu yangu ya kuchimba nitaifanya jioni.)

Jioni ni kafyu, Bi. Kibibi.

(Bi. Kibibi: Basi nipunguzie, nichimbe siku moja, nikae nao siku moja.)

Ukae na nani? Usiniharibie, Bi. Kibibi, mgeni anasikia.

(Murithi: Mimi sisikii kitu, Mzee. Mimi nitasema niliona utepe.)

Ahsante sana, Mheshimiwa. Huo ndio uongozi.

Kwa hayo machache, ndugu zangu, naomba tusimame tufunge shughuli kwa wito. Nikisema Elimu, mtajibu Kwa Kucheza. Elimu?

(Watoto: Kwa kucheza.)

Nikisema Vidudu, mtajibu... Hapana, hilo tuliache. Nikisema Maendeleo, mtajibu Yamefika. Maendeleo?

(Watoto wanajibu peke yao. Akina mama wameanza kufunga leso zao.)

Ninamshukuru Mgeni wa Heshima kwa kukaa. Ninamshukuru Kamanda kwa kutopiga. Ninawashukuru wazee wa baraza kwa makofi. Ninawashukuru nyinyi akina mama kwa kuja kwa wingi kusherehekea darasa ambalo nimelifungua leo kwa mkono wangu, ambalo halikujengwa, halina mwalimu, na halina wanafunzi, na ambalo litabaki kuwa mfano kwa vijiji vingine. Kesho firimbi ni alfajiri kama kawaida. Wenye mizigo midogo waifunge vizuri mgongoni. Ile inayoweza kutembea, naomba mpite nayo sasa hivi ukingoni kabla ya kafyu, muionyeshe mianzi iko wapi. Asanteni, na Mungu awabariki.

(Akina mama wanaondoka kuelekea handakini, kila mmoja ameshika mtoto mkono. Bi. Kibibi amewashika wawili.)